Juu ya Haluli na Tumbo Lililofungwa

Huenda wengine wenu watakunja uso wakisoma kichwa cha maneno haya. Watasema: Je, mwalimu hana habari nyingine ya kutuandikia, hata atuletee habari za choo? Twakiri kwamba sisi nasi tuliona haya, tukaiweka kalamu chini mara mbili. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na katika jambo hili aibu na ujinga wetu sisi wenyewe karibu vimpoteze mtoto wa watu. Kwa hiyo tutasema wazi, kwa maneno ya heshima, ili wazazi wajue na wanafunzi wajue.

Sisi twafundisha Kibumba, kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru. Wanaoijua nchi yetu wajua kwamba ni nchi ya baridi na rutuba, chini ya milima Nyiragongo na Mikeno. Kabichi, viazi, karoti na maharagwe yetu huenda kulisha soko la Goma. Lakini nchi hii ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni maji. Mvua hunyesha sana, ila ardhi ni mawe ya volkano yenye matundu, na maji huzama mara moja. Twakinga ya mvua kwa mabati na maturubai. Yakiisha twayafuata mbali au twayanunua kwa dumu. Basi mtu wa kwetu hunywa kidogo, maana kila kikombe kina jasho lake. Tena kuna jambo la kushangaza: kabichi twaipakia katika lori iende mjini, nasi wenyewe twala bugali na viazi bila mboga ya kutosha. Ndiyo sababu ugonjwa wa kufunga choo si mgeni nyumbani mwetu.

Tulipokuwa wadogo, dawa ya kila ugonjwa ilikuwa moja. Mtoto akiumwa kichwa, akiwa na homa, hata akikataa kula, wazee walisema: "Tumbo lake ni chafu, yafaa lioshwe." Ndipo ulipoletwa mpira wa kutilia dawa kwa nyuma, na maji yaliyochemshwa kwa majani makali, mtoto akashikwa mikono na miguu. Baadaye tulipoingia seminari ndogo tulikuta desturi hiyo hiyo katika vazi jingine. Muuguzi mmoja mzee alikuwa na chupa kubwa ya mafuta ya mbono. Kila mwanzo wa muhula tulipanga mstari, kila mmoja akapokea kijiko chake, na kipande cha ndizi cha kuondoa ladha mdomoni. Mzee yule alitupenda, wala hatumlaumu. Alifanya kama alivyofundishwa. Lakini tulitoka huko tukiamini kwamba tumbo ni kama mfereji wa nyumba: likiziba lizibuliwe, na likizibuliwa mwili wote umetakasika.

Imani hiyo ni ya kale mno. Katika maandishi ya Misri yaitwayo mafunjo ya Ebers, yaliyoandikwa yapata miaka 1550 kabla ya Kristo, mbono na sanamaki zimetajwa miongoni mwa dawa za kuendesha tumbo. Naye Herodotus, Myunani aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema kwamba Wamisri wa siku zake walijiendesha siku tatu mfululizo kila mwezi, wakidhani magonjwa yote yatoka katika chakula. Kwa hiyo tulipopanga mstari mbele ya ile chupa tulikuwa na wenzetu wa miaka mingi sana. Lakini ukongwe wa desturi si ushahidi wa ukweli wake.

Sasa tuisimulie habari yenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilifika Kibumba. Tulikimbia sisi na wanafunzi wetu na wazazi wao, tukasimama Kanyaruchinya, karibu na Goma, tukajenga vibanda vya matawi na maturubai juu ya mawe. Watu walikuwa maelfu kwa maelfu, na vyoo vichache. Mchana palikuwa na foleni ndefu na macho ya watu. Usiku palikuwa na hatari kwa kila mwanamke atokaye peke yake. Basi wasichana wengi walifanya shauri la kujizuia. Hawakunywa maji ili wasipate haja, na haja ilipokuja waliirudisha.

Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 16, mwanafunzi wetu hodari wa hesabu. Siku moja alitujia, akasimama kando akiangalia chini, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, siku ya saba leo sijaenda choo. Tumbo lanibana, hata kula sitaki." Tazama, wasomaji, hapo ndipo tulipokosa. Hatukumwuliza kwa nini. Hatukumwuliza anakunywa maji kiasi gani, wala kama anaogopa kwenda kule vyooni. Tuliona haya kuongea na binti juu ya mambo hayo, tukataka yaishe upesi. Tulitoa fedha kidogo mfukoni, tukamwambia: "Nenda duka la dawa, omba haluli, utapona." Naye akaenda, akapona siku ile, akatushukuru.

Baada ya miezi mama yake mdogo akaja kumchukua akae kwake Goma, apate kusoma. Huko palikuwa na paa, na choo chenye mlango, na chakula mara mbili kwa siku. Sisi tulishangilia. Lakini msichana aliyekuwa na njaa mwaka mzima alipoona sufuria imejaa, jambo geni lilimpata. Alianza kula usiku, peke yake, kwa haraka, bila kuonja, mpaka tumbo likauma. Kisha alijiona mwizi katika nyumba ya watu, na aibu ikamshika. Wenzake shuleni walimtania kwamba mkimbizi amenenepa. Tena katika simu zao walionyeshana picha za wasichana wembamba na matangazo ya chai za kupunguza tumbo. Ndipo alipokumbuka ile dawa ya mwalimu. Aliinunua tena, mwili ukawa mwepesi, akadhani amefuta kosa. Usiku mwingine akala tena, akanunua tena. Vile vilivyotosha mwanzo havikutosha baadaye, akaviongeza.

Ikafika Kwaresima ya mwaka 2024. Sasa alipata kisingizio kizuri: alikataa chakula mbele ya watu akisema anafunga. Mama yake mdogo akamsifu kwa uchaji. Sisi nasi, alipokuja Jumapili kutusalimu kambini, tulimwona amekonda, macho yameingia ndani, tukamsifu vilevile. Jumapili ya tatu alianguka wakati wa Misa. Tulimbeba mpaka kituo cha afya. Midomo ilikuwa imekauka, misuli ya miguu imekaza, na moyo ulipiga bila mpango, mara haraka, mara ukisita. Muuguzi akamtilia maji kwa mshipa na kumpeleka hospitali, na katika mkoba wake walikuta maboksi matupu ya vidonge.

Daktari alituita nje, sisi na mama mdogo. Alituuliza: "Nani alimfundisha dawa hii?" Mama mdogo akanyamaza. Sisi tulijibu: "Ni sisi." Hakutukemea. Akatueleza kwa subira, nasi twawaeleza ninyi kama tulivyoelezwa na kama tulivyosoma baadaye.

Chakula kikitoka tumboni hupita kwanza katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi. Huko ndiko nguvu yake inakotwaliwa na kuingia katika damu. Yanayobaki huingia katika utumbo mpana, kama mita 1 na nusu, nao kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi ili visipotee. Kila siku karibu lita 9 za majimaji huingia matumboni, yaani yale tunywayo na yale yatolewayo na mwili wenyewe, na karibu yote hurudishwa mwilini. Sasa sanamaki, na vidonge vya bisakodili vinavyouzwa madukani, huuchochea hasa utumbo mpana ujikaze na kusukuma upesi. Chumvi ya haluli huvuta maji na kuyashika ndani ya utumbo. Mafuta ya mbono huanza kazi katika utumbo mwembamba, ila nayo mwisho wake ni kuharisha maji. Katika njia hizo zote, kinachotoka kwa wingi ni maji na chumvi, si nguvu ya chakula, maana sehemu kubwa ya nguvu imekwisha kuingia katika damu. "Binti huyu," daktari alisema, "alidhani ametupa chakula. Alichotupa ni maji yake. Mizani ilishuka kwa sababu ya maji, na akinywa yatarudi."

Sisi wa Kibumba twapaswa kulielewa neno hilo kuliko watu wengine. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliijaza nchi yetu, na kambi moja kubwa ilikuwa pale pale Kibumba, juu ya mawe yasiyo na maji. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa kandokando ya Goma. Sisi tulikuwa watoto wadogo, ila wazee wetu waliiona mizoga ya watu barabarani, nao walitusimulia. Kipindupindu hakimli mtu nyama; humwaga maji yake na chumvi zake mpaka aishiwe. Je, si ajabu kwamba watoto wa nchi hiyo hiyo wajinunulie kwa fedha upungufu wa namna ile ile, ingawa kwa kipimo kidogo zaidi?

Katika chumvi zinazopotea iko moja iitwayo potasiamu, ambayo moyo huihitaji ili upige sawasawa. Ikipungua sana, moyo waweza kusimama ghafula, hata kwa kijana asiyeonekana mgonjwa. Tena figo huumia, na utumbo uliozoea kuchapwa waweza kuwa mvivu. Na kuna mtego mwingine: mtu aliyezoea haluli akiiacha ghafula, kwa siku kadhaa mwili hushika maji, uso na miguu huvimba, choo hufunga tena. Yeye hudhani amenenepa, naye huirudia dawa. Kwa hiyo haimfai aachwe peke yake katika kuiacha. Asimamiwe na mganga wa hospitali.

Mama mdogo aliuliza swali tulilokuwa nalo sote: "Daktari, ugonjwa huu si wa Wazungu walioshiba? Huyu ametoka katika njaa." Akajibu kwamba njaa yenyewe ni mlango wake mmoja. Tulitafuta habari hiyo, tukaikuta. Katika miaka ya 1944 na 1945, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana wa kiume 36, wenye afya, walikubali kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita, ili waganga wajifunze namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya walioharibiwa na vita. Waliwaza chakula usiku na mchana, wakawa wenye huzuni na hasira. Na walipopewa chakula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, wala hawakuweza kujizuia. Hawakuwa walafi, njaa ilikuwa imeyavuruga maisha yao ya ndani. Mwaka 1979 daktari Gerald Russell wa London aliupa jina la bulimia ule ugonjwa wa mtu kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kujiharisha kwa kuogopa unene.

Wala usiseme kwamba nchi zinazopenda wanawake wanene zimekingwa. Katika visiwa vya Fiji mwili mnene ulisifiwa tangu kale. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika wilaya moja ya huko, na wasichana wa shule walipoulizwa mwaka huo hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 wengine wa umri ule ule walipoulizwa, 11 katika kila 100 walikiri. Miaka mitatu tu! Nasi leo tuna picha mfukoni, si ukutani.

Juu ya kufunga, neno moja linatosha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba wanaopaswa kufunga ni waliotimiza miaka 18, mpaka mwanzo wa mwaka wa 60. Kuacha nyama ni kwa waliotimiza miaka 14. Msichana wa miaka 16 au 17 hakuwekewa mzigo huo, seuze mgonjwa. Kufunga kwa kweli humwelekeza mtu kwa Mungu na kwa maskini. Kufunga kunakofuatwa na mizani, kioo na haluli humfungia mtu ndani ya nafsi yake. Wazazi, mkimwona mtoto anakataa kula mezani, akila kwa siri, akikaa sana chooni baada ya chakula, akizimia, akichukia mwili wake, msimsifu kwa utakatifu wala msimpige kwa ulafi. Mwulizeni kwa upole, mkampeleke kwa mganga.

Hatusemi kwamba haluli ni sumu. Mama aliyejifungua kwa shida, mgonjwa alalaye kitandani, anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu makali, mjamzito anayefungwa na vidonge vya chuma, hao wote waweza kuhitaji dawa ya kulainisha choo, nao wapewe na mganga aijuaye. Lakini dawa ya kuendesha isipewe kamwe mtu mwenye maumivu makali ya tumbo yasiyojulikana, au anayetapika hali tumbo limevimba wala hewa haitoki. Mjamzito asijinywee mafuta ya mbono, maana yaweza kumletea uchungu wa uzazi. Nao mpira wa maji ya majani makali usimguse mtoto mchanga; utumbo wake ni mwembamba kama karatasi, hutoboka na kuungua. Akizaliwa, zikapita saa 48 asipate choo, ni wa kupelekwa hospitali. Vivyo hivyo mtu mzima aonapo damu, au akikonda bila sababu, au choo chake kikibadilika uzeeni.

Kwa wengine, kwanza tujue kwamba choo cha kila siku si amri. Mtu mzima mwenye afya aweza kwenda mara tatu kwa siku au mara tatu kwa juma. Akifungwa kweli, aanze na maji, ingawa kwetu ni ghali. Kisha maharagwe, kabichi, sombe, lengalenga, papai. Tusiuze kabichi yote. Baada ya chakula cha asubuhi utumbo huamka wenyewe. Tumpe nafasi mtoto aende wakati huo, bila kuharakishwa. Na aliyeharishwa na dawa mpaka akalegea, apewe maji safi lita 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huku akipelekwa kwa mganga.

Nanyi walimu wenzetu, tupokeeni aibu yetu. Miaka mingi mtoto alipoinua mkono darasani kuomba ruhusa, tulimwambia: "Ngoja kengele." Tulidhani twafundisha adabu, kumbe twafundisha matumbo kujifunga. Siku hizi anayeomba aenda. Na mlango wa choo cha wasichana shuleni kwetu umetiwa komeo kwa ndani. Kazi hiyo ilitugharimu mchana mmoja, ubao mmoja na misumari. Tungalifanya hivyo zamani, na kule kambini tungaliuliza neno moja tu, huenda yasingalitokea tuliyoyasimulia.

Msichana yule yu hai. Alikaa hospitali majuma mawili, kisha mama yake mdogo akala naye kila chakula kwa miezi mingi, meza moja, saa zile zile, bila kumhesabia matonge. Mtawa mmoja aliyezoea kuwasikiliza wagonjwa wa moyo alikutana naye kila juma. Mara mbili aliirudia dawa, na mara mbili alisema mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zilivunjwa, watu wakarudi Kibumba. Naye alikuja wakati wa mavuno kuwasaidia wazazi wake. Tulimkuta shambani, tukaomba radhi kama mtu mzima amwombavyo mtu mzima. Alicheka kidogo, akasema: "Mwalimu, siku ile nilitamani tu uniulize ninaogopa nini."

Neno hilo twaliacha kwenu. Mtoto akikuambia tumbo limefunga, usiwahi mfukoni. Kaa naye kwanza, umwulize ni nini kilichomfunga.